Vikadi vya zawadi vya kutengeneza kwa mkono: anza na jina

Mwanamke akiingia duka la kanga hafungui mkoba kabla hajaikunjua doti na kusoma kilichoandikwa chini. Maua yanaweza kuwa mazuri na rangi ikampendeza, lakini jina lisipomfaa ataomba aonyeshwe nyingine. Anajua atakayevalishwa kanga ile ataanza na maneno.

Kikadi kinachofungwa kwenye zawadi mimi nakiona hivyo hivyo: ndicho jina la zawadi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka ninapotengeneza vikadi vya Krismasi na Mwaka Mpya siyagusi mapambo hadi maneno yawe tayari. Hapa naeleza ninavyopata vikadi 48 kutoka karatasi nne za manila, mabaki ya kanga na vitenge, majani ya chai, manjano ya jikoni na uzi wa katani. Kazi inachukua jioni mbili, ya kwanza ya rangi na ya pili ya kubandika. Usijaribu kuzibana ziwe moja. Desemba huku Dar es Salaam hewa imejaa unyevu, na karatasi uliyoilowesha saa kumi na mbili jioni haitakuwa imekauka saa tatu usiku.

Orodha ya watu na maneno yao

Chukua daftari, andika majina ya wote unaowapa zawadi. Mbele ya kila jina andika neno moja au sentensi fupi ambayo ungemwambia mtu huyo ana kwa ana. "Kutoka kwa" na "Kwenda kwa" ni anwani ya kifurushi, haimwambii mtu kitu. Kwa bibi yangu niliwahi kuandika "Shikamoo Bibi. Hii ni ya baridi ya asubuhi", ndani yake kulikuwa na sweta. Kwa wifi: "Wifi, ahsante kwa mwezi wa nane." Yeye na mimi tulijua kilichotokea mwezi wa nane, na kwenye kikadi hapakuhitajika zaidi ya hapo.

Kwa mkubwa wako salamu itangulie. Kwa mama mkwe usiandike utani hata kama mnataniana, maana kikadi kitasomwa kwa sauti mbele ya wageni. Kwa shemeji na binamu una uhuru zaidi. Watoto wasiojua kusoma nawapa alama badala ya neno: mmoja nyota nyekundu, mwingine ya bluu, na nawaambia mapema nyota ya nani ni ipi, ili asubuhi ya sikukuu kila mmoja ajitafutie yake.

Sasa fungua kabati utafute kanga zilizochakaa. Nasisitiza zilizochakaa: zile zilizokwisha kubeba watoto, zikafanywa za jikoni, na sasa zimeanza kuchanika katikati. Kanga ikichanika, mara nyingi jina lake bado ni zima. Soma jina lote kabla ya kulikata. "Nani kama mama" utalipata karibu kila nyumba, na neno MAMA peke yake linatosha kikadi kizima. Lakini jina kama "Hasidi hana sababu" hata ukikata "sababu" tu, aliyewahi kuivaa kanga ile atalitambua, na utakuwa umetuma ugomvi ndani ya karatasi ya zawadi. Yaache majina ya mafumbo makali.

Kwa Idd, unaweza kuandika neno kwa hati za Kiarabu ukitumia kalamu yenye ncha bapa. Hata majina ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa hati hizo kabla ya herufi za Kirumi kuchukua nafasi, kwa hiyo jicho la mtu wa pwani halishangai kuyaona yamekaa chini ya maua.

Karatasi na vipimo

Manila nyeupe au ya rangi ya maziwa ndiyo nzuri kuliko zote. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, ni nyepesi mno: ukipaka gundi inajikunja kama jani kavu. Kama manila haipatikani, tumia boksi la majani ya chai au la dawa ya meno. Lifungue, upande wa ndani wa kijivu uwe ndio uso wa kikadi. Mimi napenda sana upande huo. Rangi ya chai ikikaa juu yake inaonekana ya zamani.

Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Upande mfupi gawanya mara nne, kila kipande sentimita 5.25. Upande mrefu gawanya mara tatu, kila kimoja sentimita 9.9. Utapata vikadi 12 bila kutupa hata ukanda. Weka alama kwa rula na penseli, usikunje, kwa sababu manila ikikunjwa mstari wake haufutiki tena hata kwa pasi. Ila usikate bado. Rangi inapakwa karatasi ikiwa nzima. Ni rahisi kukausha karatasi nne kuliko vipande 48.

Jioni ya kwanza: chai na manjano

Chai. Vijiko viwili vya mezani vya majani ya chai katika glasi moja ya maji yanayochemka. Acha robo saa, chuja, mimina kwenye sinia pana. Laza manila ndani kwa dakika mbili, igeuze, dakika mbili nyingine. Ukiitoa, irushie punje chache za majani yaliyobaki kwenye chujio na uache zikauke zikiwa juu. Kila punje itaacha doa lake jeusi jeusi, na karatasi itafanana na ukurasa wa barua ya miaka mingi. Ukitaka iliyokolea zaidi, acha ikauke kisha uirudishe. Mara mbili kwa vipindi vifupi inatoa rangi sawasawa kuliko mara moja kwa muda mrefu, na karatasi haipati nafasi ya kulegea.

Usianike juani. Upande unaopigwa na jua hukauka kwanza na kusinyaa, wa chini bado umevimba kwa maji, na karatasi inapinda. Itandaze kivulini juu ya kitambaa. Ikibaki na ubaridi kidogo mkononi, iweke katikati ya magazeti mawili, juu yake vitabu vizito, ilale hapo hadi kesho.

Manjano. Hapa ndipo watoto wote wa nyumbani husogea mezani, na mimi pia sijachoka kuangalia. Koroga kijiko kimoja cha chai cha manjano katika nusu kikombe cha maji ya moto, paka kwa brashi pana kwenye karatasi moja kati ya zile nne, acha ikauke kabisa, kisha futa unga uliobaki juu kwa kitambaa kikavu. Utakuwa na karatasi ya njano iliyoiva. Sasa chukua magadi, yale yale ya kulainishia maharage, utie ncha ya kijiko katika vijiko viwili vya maji. Chovya brashi nyembamba, chora mstari juu ya ile njano. Mstari unageuka mwekundu wa kahawia hapo hapo.

Sababu yake ni kwamba rangi iliyomo ndani ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya magadi au sabuni, na hurudi ikikutana na uchachu. Ukikosea mstari, gusa kwa tone la ndimu: njano inarejea. Kwa hiyo una kalamu na kifutio, vyote kutoka jikoni. Chora matawi, mawimbi, vinundu kama vya kanga ndege. Magadi yawe machache; yakizidi huacha unga mweupe yakikauka.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Manjano hupauka juani, hivyo kikadi cha manjano si cha kutundika dirishani mwaka mzima. Pia hutia doa. Usikifunge kikagusana na nguo nyeupe. Zawadi ikiwa kanzu au shati jeupe, tumia kikadi cha chai.

Gundi ya unga

Gundi nyeupe ya dukani inafaa, lakini kwa karatasi na kitambaa mimi napika. Vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji. Vuruga kwanza unga na maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, ndipo umimine maji yaliyobaki na uweke moto mdogo. Koroga bila kuondoka. Mwanzo ni kama maziwa. Baada ya dakika chache inakuwa nzito, weupe unapungua na inaanza kung'aa. Ipua hapo. Matone machache ya siki huizuia kuota ukungu haraka. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne, ikianza kunuka imwage upike nyingine.

Wakati inapoa, pasi vipande vya kanga na vitenge, vigeuze, na upake gundi nyembamba upande wa nyuma. Vianike kwenye kamba. Vikikauka vitakuwa vigumu kama karatasi na mkasi utakata hata ua dogo bila nyuzi kuchomoka. Wengi hukata kitambaa kabla hakijapakwa gundi, halafu wanapambana na nyuzi mezani usiku kucha. Fanya hivi jioni ya kwanza na kesho yake kazi itakwenda haraka sana.

Vitenge waombe mafundi cherehani. Mabaki yaliyo chini ya mashine hayana kazi kwao, na ukienda na mfuko wako mwenyewe hawakatai.

Jioni ya pili: pindo, mji na jina

Kata vikadi sasa, kwa rula ya chuma na wembe, juu ya gazeti nene. Kisha kata pembe mbili za juu, sentimita moja na nusu kila upande, kipate umbo la kikadi. Kata kimoja vizuri kwenye boksi gumu, hicho kiwe kiolezo cha vingine vyote.

Tatizo la mwanzo la kila mtu ni kujaza. Una kitambaa, mihuri, vifungo, nyuzi, na mkono unataka kuvitumia vyote. Nilipata dawa yake siku niliyoiangalia kanga kwa makini. Kanga ina pindo kuizunguka, ina mji katikati, na ina jina chini. Vitu vitatu, kila kimoja na mahali pake, na imetosha kwa zaidi ya karne. Nikaamua kila kikadi kiwe na pindo, mji na jina, basi.

Pindo: ukanda wa kitenge au kanga wa upana wa sentimita moja, upande mmoja tu au pande mbili. Paka gundi kwenye karatasi, si kwenye kitambaa, kisha laza kitambaa na uisukume hewa kwa kidole kutoka katikati kwenda nje. Gundi ikijitokeza pembeni, ifute mara moja kwa kitambaa kibichi.

Mji: kitu kimoja. Kinaweza kuwa ua lililokatwa kutoka kwenye kitenge, kifungo cha shati la zamani, kipande cha ukindu uliotiwa rangi, au mhuri. Napenda pia maganda makavu ya mgomba, yale yanayojitenga yenyewe kwenye shina, yana rangi kuanzia krimu hadi kahawia nzito. Yaloweshe kidogo, yapasi chini ya kitambaa, na utakata pembetatu tatu za kupangana ziwe mti, au umbo la ngalawa.

Jina: theluthi ya chini ya kikadi ibaki tupu. Ilinde. Kama neno lako umelikata kutoka kwenye kanga, herufi zake zitakuwa kubwa, basi lilaze kwa urefu wa kikadi: geuza kikadi kilale, neno lipite kutoka mwisho hadi mwisho, na mji usogee kuwa kidogo juu yake.

Ukimaliza kubandika kimoja, bandika nyuma yake kipande cha karatasi nyepesi cha ukubwa ule ule. Hapo wengi wananiuliza kwa nini kuongeza kazi. Gundi ya upande mmoja ikikauka huvuta kikadi kikunjike kwenda upande huo. Ukiwa na gundi pande zote mbili zinavutana sawasawa na kikadi kinabaki bapa. Tena unapata nyuma safi ya kuandikia.

Mihuri

Bamia ni mhuri uliokwisha kuchongwa. Ikate katikati kwa upana, na utaona nyota au ua lenye vyumba vya mbegu. Tatizo lake ni utelezi, unaoifanya rangi iwe majimaji na kuteleza kwenye karatasi. Futa uso uliokatwa kwa kitambaa, iache dakika kumi, futa tena, ndipo uiguse kwenye sifongo lililowekwa rangi ya maji nzito. Usizamishe. Bamia changa hupondeka, iliyokomaa kidogo inakaa mkononi na alama yake inatoka kali.

Kwa umbo la kudumu tumia soli ya kandambili iliyokatika. Kata mchemraba mdogo, chora kwa peni upande wa juu, na uchonge kwa wembe kina cha milimita tatu hivi. Wembe mpya, na ukielekezwa mbali na vidole. Mtoto asichonge, apige mhuri.

Herufi kwenye mhuri zinachongwa kinyume. Mwaka mmoja nilichonga AMANI nikiwa nimechoka, nikaichonga inavyosomeka, na niliponyanyua mhuri karatasini palikuwa na INAMA, N yake imegeuka. Kandambili nzima na saa nzima ya usiku vikapotea. Njia ya uhakika: andika neno kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ukikoleza. Igeuze uso chini juu ya soli, sugua nyuma yake kwa kijiko. Penseli itahamia kwenye soli ikiwa kinyume tayari, wewe unafuata tu mistari. Kabla ya kugusa kikadi, piga mhuri mara mbili kwenye gazeti.

Ukipenda kushona, uzi wa rangi unapendeza sana kuzunguka pindo. Toboa kwanza matundu yote kwa pini, kikadi kikiwa juu ya kandambili, umbali wa nusu sentimita. Yakikaribiana zaidi ya hapo karatasi huchanika kwa mstari kama stempu.

Tundu na uzi

Tundu la panchi likae katikati, sentimita moja kutoka juu. Hapo ndipo kikadi huchanika kwanza, kwa hiyo kata duara dogo la kitenge, libandike mahali pa tundu kabla ya kutoboa, na ukiweza bandika jingine nyuma. Acha likauke ndipo upige panchi. Gundi mbichi hung'ang'ania kwenye chuma.

Uzi nautumia wa katani. Unasimama wenyewe, haulegei kama sufu, na rangi yake inakwenda na ya chai bila kupakwa chochote. Mkonge wenyewe ulitoka Mexico, ukafika pwani ya Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na hadi leo ukipita barabara ya Tanga unaona mashamba yake pande zote mbili. Kata sentimita 30. Ukunje katikati, pitisha kile kikunjo kwenye tundu kutoka mbele, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya kikunjo na uvute taratibu. Fundo hili halikati karatasi na halihitaji kufunguliwa: mwenye zawadi akitaka kukihifadhi kikadi anasukuma kikunjo nyuma, kimetoka.

Kuandika

Acha hili liwe la mwisho, mikono ikiwa imeoshwa. Karatasi iliyolowekwa kwenye chai hunywa wino, hivyo jaribu kalamu kwenye kipande kilichobaki. Peni ya kawaida ya wino mzito haisambai. Kalamu za wino wa maji mara nyingi husambaa. Andika kwanza kwa penseli hafifu, pima nafasi, ndipo upite na peni. Mbele liwe neno la yule mtu kutoka kwenye daftari. Nyuma, kwa herufi ndogo, jina lake, jina lako na mwaka. Mwaka usiusahau. Nimemkuta mama yangu na vikadi vya nyuma ndani ya Biblia yake, akivitumia kuwekea alama ya ukurasa, na ni ule mwaka uliotusaidia kukumbuka nani alikuwa bado yupo.

Vitakavyobaki viweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kama la maziwa ya unga. Gundi ya ngano ni chakula, na mende wanaijua. Vikiwa humo vikavu vinangoja hadi Idd. Kwenye vile vya manjano vyenye nyota ya bamia ongeza mwezi mwandamo mmoja kwa brashi ya magadi, na kwa watoto wanaopita kuomba mkono wa Idd funga uzi wake kwenye bahasha ndogo ya pesa badala ya kifurushi.